Ni nani anayeifungulia seli beta mlango wa sukari?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, naishi Umoja hapa Nairobi. Tumefundishwa kwamba insulini ndiyo inayoifungulia glukosi mlango wa kuingia kwenye seli. Sasa seli beta ya kongosho, ambayo ndiyo inayotengeneza hiyo insulini, yenyewe hufunguliwa na nani? Kitabu kinasema ina GLUT2, mwalimu wetu anasema kwa binadamu ni GLUT1. Nani mkweli? Nisaidie pia na jambo la nyumbani: mama yangu ana miaka 64, anameza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, na sukari humshuka akichelewa kula. Mbona dawa haioni kwamba sukari tayari iko chini?"

Jibu: Hakuna anayeufungua mlango huo, kwa sababu haufungwi. Lile somo la insulini na mlango ni la kweli kwa misuli na mafuta. Huko kuna GLUT4, protini inayokaa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo, ikingoja. Insulini ikigusa utando wa seli, vifuko husogezwa juu, GLUT4 ikapachikwa kwenye utando na glukosi ikapita. Ubongo, chembe nyekundu za damu, ini na seli beta hazimo kwenye mpango huo. Zina ndugu wengine wa ukoo wa GLUT, ambao hukaa kwenye utando usiku na mchana, insulini iwepo isiwepo.

Protini hizi hazisukumi wala hazivuti, na hazitumii nguvu ya seli. Kila moja ina nafasi ya kubeba glukosi moja. Hugeuza nafasi hiyo nje, kisha ndani, kisha nje tena. Glukosi huteremka kutoka penye nyingi kwenda penye chache, basi. Mtu akinywa chai ya maziwa na mandazi mawili, sukari ya damu yake ikapanda kutoka 5 hadi 9 mmol/L, ndani ya seli beta nako hupanda kwa kuifuata damu. Hiyo ndiyo kazi yote ya mlango: kuhakikisha kilichoko nje kinaonekana ndani bila kuchelewa.

Kuhusu kitabu na mwalimu, wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia wanyama tofauti. Sehemu kubwa ya elimu ya seli beta ilitoka kwa panya wa maabara, na seli beta ya panya imejaa GLUT2. Kwa binadamu zinazotangulia ni GLUT1 na GLUT3. GLUT2 ipo, lakini kidogo. GLUT2 hufikia nusu ya mwendo wake glukosi ikiwa karibu 17 mmol/L, yaani haijai upesi. GLUT1 na GLUT3 hufikia nusu yao kwenye viwango vya chini zaidi. Kwenye mtihani andika yote mawili na utaje ni mnyama gani. Anayesahihisha akikukata alama, una haki ya kumwuliza.

Zamani ilidhaniwa kwamba kwa kuwa GLUT2 ni ya mwendo wa polepole kujaa, basi yenyewe ndiyo kipimo cha sukari. Dhana hiyo haikusimama. Seli beta ya panya inaweza kuvusha glukosi mara nyingi mno kuliko inavyoweza kuitumia. Ya binadamu huvusha kidogo kuliko ya panya, na bado huzidi matumizi yake. Chukua duka kubwa la mjini lenye mlango mpana na keshia mmoja. Ukitaka kujua ni watu wangapi wametoka na bidhaa kwa saa moja, usihesabu upana wa mlango, mtazame keshia.

Keshia wa seli beta ni kimeng'enya kinachoitwa glukokinasi. Kazi yake ni kuibandika glukosi fosfeti, na ikishabandikwa haiwezi kurudi nje; imeingia kwenye njia ya kuvunjwa. Mwanasayansi Franz Matschinsky ndiye aliyesisitiza kwa miaka mingi kwamba hapa ndipo sukari inapopimwa, na hesabu inambeba. Seli nyingi za mwili hutumia heksokinasi ya kawaida, ambayo hushika glukosi kwa uchu kiasi kwamba hata 1 mmol/L inatosha kuijaza. Iwe 4, iwe 10, yeye yuko kwenye mwendo wake wa mwisho, hawezi kukuambia tofauti. Zaidi ya hapo, bidhaa yake ikirundikana humzuia asiendelee. Glukokinasi haizuiwi na bidhaa yake, na hufikia nusu ya mwendo karibu 8 mmol/L, kwa mchirizo wenye mkunjo kama herufi S.

Piga hesabu uone. Ukichukua nusu ya mwendo kuwa 8 na kipimo cha mkunjo kuwa 1.7, glukokinasi hufanya kazi kwa takriban asilimia 24 ya uwezo wake glukosi ikiwa 4 mmol/L. Ikifika 5 ni asilimia 31. Ikifika 7 ni 44, na kwenye 10 ni karibu 59. Yaani katika eneo lile lile ambalo damu ya mtu mzima hucheza kati ya kufunga na kushiba, keshia huongeza kasi karibu maradufu. Heksokinasi ya kawaida, kati ya 5 na 10, ingetoka asilimia 99 ikaenda 99 na nukta kadhaa. Ndiyo sababu seli beta iliyokomaa imeizima jeni ya heksokinasi hiyo. Ikiwashwa kimakosa, seli hudhani sukari imepanda hata mtu akiwa na njaa.

(Kwa wanaopenda kupima vitu kwa macho: damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, ina glukosi ya gramu 4 hadi 5 tu. Ni kijiko kimoja cha chai. Mfumo wote huu ninaoueleza unalinda kijiko kimoja.)

Ushahidi mzuri zaidi kwamba keshia ana uzito kuliko mlango unatoka kwa watu waliozaliwa na hitilafu. Kuna ugonjwa adimu wa Fanconi na Bickel, ulioelezwa mwaka 1949, ambao baadaye ulijulikana kuwa unatokana na jeni ya GLUT2 kuharibika pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mtoto huwa na ini kubwa lililojaa glaikojeni (glukosi iliyowekwa akiba), figo huvujisha glukosi kwenye mkojo, na hudumaa. Wapo wanaoanza maisha na kisukari, lakini mzigo wao mkubwa uko kwenye ini na figo. Sasa mlinganishe na mtu ambaye nakala moja tu kati ya mbili za jeni ya glukokinasi imeharibika. Huyo huishi na sukari ya kufunga kati ya 5.5 na 8 mmol/L tangu kuzaliwa. Haipandi sana, haishuki, na kwa kawaida haihitaji dawa isipokuwa pengine wakati wa ujauzito. Ni kama kipimo chake kimesogezwa juu kidogo. Kuna pia hitilafu za upande wa pili, ambapo glukokinasi huwa na kasi kupita kiasi, na sukari humshuka mwenye nayo mara kwa mara.

Hapa nichepuke kidogo, maana jambo hili lina maana hasa Nairobi, ambako kila kona kuna mtu anauza mitishamba ya kisukari akiwa na karatasi ya utafiti mkononi. Tafiti nyingi za dawa hizo hufanywa kwa panya walioharibiwa kongosho kwa aloksani au streptozotosini. Sumu hizo mbili zina umbo linalofanana na glukosi kiasi cha kupita kwenye GLUT2, na ndiyo sababu huua seli beta za panya kwa ustadi na kuziacha za binadamu bila madhara makubwa. Basi ukisoma kwamba dondoo la majani fulani "lililinda seli beta", angalia lilitolewa lini. Kama panya alipewa majani kabla ya sumu, huenda yaliziba tu mlango wa GLUT2 sumu isiingie. Hata glukosi yenyewe, ikitolewa kwa wingi kabla ya aloksani, hulinda. Hilo halisemi lolote kuhusu mgonjwa wa Kariobangi aliyeugua miaka 8 na ambaye mlango wake si huo.

Turudi ndani ya seli. Glukosi iliyokwisha kubandikwa fosfeti huvunjwa hadi piruveti, na piruveti huingia mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kuchomwa. Seli nyingine zikibanwa hugeuza piruveti kuwa lakteti na kuitema. Seli beta karibu haina vifaa hivyo, kwa hiyo karibu kila glukosi anayoipokea keshia huishia kutengeneza ATP, sarafu ya nishati ya seli, ambayo ikishatumika huitwa ADP. Uwiano wa ATP kwa ADP hupanda, na hapo ndipo umeme unapoanza.

Kwenye utando wa seli beta kuna mifereji ya potasiamu inayosikiliza ATP. Frances Ashcroft wa Oxford na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba glukosi huifunga. Kila mfereji una vipande 8: vinne vya ndani viitwavyo Kir6.2, ambavyo ndivyo tundu lenyewe, na vinne vya nje viitwavyo SUR1, ambavyo ni kama mpini. Mtu akiwa na njaa mifereji hii iko wazi, potasiamu inavuja kutoka, na ndani ya seli kuna chaji hasi ya karibu milivolti 70. ATP ikipanda hushika Kir6.2 na tundu likafungwa. Potasiamu haitoki tena, chaji hasi inapungua, na mifereji ya kalsiamu inayosikiliza umeme inafunguka. Kalsiamu inamwagika ndani na kuvisukuma vifuko vya insulini viungane na utando na kumwaga vilichobeba.

Seli beta moja huwa na vifuko kama 10,000. Vilivyo tayari mlangoni ni sehemu ndogo sana, na hivyo ndivyo vinavyotoka katika dakika 5 hadi 10 za kwanza: wimbi la kwanza, la ghafla. Kisha huja wimbi la pili, la taratibu, linalodumu maadamu sukari iko juu, vifuko vikiletwa kutoka ndani. Kisukari cha aina ya pili huanza kulipoteza wimbi la kwanza mapema. Ndiyo maana mtu anaweza kupima akiwa hajala na kukuta 5.8, akaondoka amefurahi, kumbe saa moja baada ya ugali anafika 12.

Kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya: kuchanganya kutoa insulini na kuitengeneza. Ninayoyaeleza mpaka hapa ni kutoa tu, kazi ya dakika. Kutengeneza ni kiwanda kingine, ingawa agizo linatoka kwa glukosi ile ile. Glukosi ikipanda, ndani ya saa moja seli huanza kusoma kwa kasi zaidi nakala za mRNA (maelekezo yaliyonakiliwa kutoka kwenye jeni) za insulini zilizopo tayari, kabla hata hazijaongezwa. Sukari ikikaa juu kwa saa nyingi, ndipo jeni yenyewe, iliyo kwenye kromosomu ya 11, inaposomwa zaidi kwa msaada wa protini kama PDX1 na MAFA. Cha kushangaza ni kwamba kutengeneza huanza kuchochewa kwenye kiwango cha glukosi cha chini kuliko kutoa. Mantiki yake haina shida: ghala hujazwa kabla mteja hajaja.

Kinachotoka kiwandani kwanza ni mnyororo wa asidi amino 110. Asidi 24 za mwanzo ni anwani ya kuelekeza mnyororo, hukatwa upesi, zikabaki 86: hiyo ni proinsulini, aliyoigundua Donald Steiner huko Chicago mwaka 1967. Hukunjwa, hufungwa kwa viunganishi vitatu vya salfa, kisha ndani ya kifuko hukatwa mara mbili. Kipande cha katikati, peptaidi C chenye asidi 31, huachana na insulini yenye 51. Insulini hukaa sita sita zikiwa zimeshikwa na zinki, na huachana zikifika kwenye damu. Kazi hii yote, kutoka mnyororo hadi kifuko kilichokomaa, huchukua saa kadhaa.

Peptaidi C hutoka pamoja na insulini, moja kwa moja, na hilo lina faida wodini. Ini hukamata karibu nusu ya insulini mara ya kwanza inapopita, lakini peptaidi C huiacha. Insulini ya sindano haina peptaidi C. Kwa hiyo mgonjwa aliyeletwa na sukari ya 2, insulini ikiwa juu na peptaidi C ikiwa chini kabisa, amedungwa. Zote mbili zikiwa juu, kongosho lake mwenyewe ndilo linalomwaga, na swali linalofuata ni kama kuna kidonge cha kundi la glibenklamaidi tumboni.

Maabara ikitaka kujua mlolongo umekatika wapi, huruka hatua moja baada ya nyingine. Visiwa vya Langerhans, yaani vishada vya seli za kongosho vyenye seli beta, hutulizwa kwanza kwenye maji ya chumvi yenye glukosi 2.8 mmol/L, kisha nusu vikaachwa hapo na nusu vikapewa 16.7 kwa saa moja, na insulini iliyotoka ikapimwa. Glukosi isipoleta kitu, jaribu tolbutamidi, dawa ya kisukari ambayo hufunga mfereji wa potasiamu bila kupitia ATP. Ikifanya kazi, mfereji na vyote vilivyo baada yake viko sawa, na hitilafu iko juu: mlango, keshia au mitokondria. Tolbutamidi ikishindwa lakini kloridi ya potasiamu ya 30 mmol/L, ambayo hubadilisha chaji ya utando moja kwa moja, ikamwaga insulini, basi mfereji ndio mgonjwa. Na hiyo nayo ikishindwa, usiendelee kuilaumu glukosi: kalsiamu haiingii, au vifuko haviungani na utando, au ghala ni tupu. Kosa la wanafunzi ni kuruka ile hatua ya kutuliza. Visiwa vilivyotoka kwenye chakula cha glukosi 11 vikipimwa hapo hapo hutoa insulini kwa wingi hata kwenye 2.8, na jaribio zima likaonekana kana kwamba glukosi haina maana.

Sasa mama yako. Jibu la swali lako limo kwenye jaribio hilo hilo, kwa sababu glibenklamaidi ni ndugu wa tolbutamidi. Hushika ule mpini, SUR1, na kulifunga tundu. Haiulizi mlango, haiulizi keshia, haiulizi ATP. Glukosi iwe 12 au 3.5, mfereji umefungwa, kalsiamu inaingia, insulini inatoka. Dawa haioni sukari kwa sababu inafanya kazi baada ya mahali sukari inapoonwa. Metfomini kwa upande wake haigusi mlolongo huu, kazi yake kubwa iko kwenye ini, ndiyo maana ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari.

Kwa umri wake kuna la ziada. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na mabaki yake yenye nguvu hutolewa na figo. Figo zikichoka, hurundikana. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitaja gliklazaidi na kueleza kuwa glibenklamaidi haifai kwa waliopita miaka 60. Asiache dawa ghafla kwa kusoma haya. Mpeleke kliniki akiwa na daftari la vipimo vyake, mkionyesha saa aliyomeza, saa aliyokula na saa iliyoshuka, na muombe apimwe kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Mpaka hapo, asimeze kidonge kabla chakula hakijawa mezani, na akikosa mlo asimeze.

Ikishuka chini ya 4, mpe gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, si soda ya kupunguza unene. Pima tena baada ya dakika 15; ikiwa bado, rudia. Ikipanda, ale chakula cha wanga. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na hata akizinduka, kwa dawa hii hospitali bado ni lazima, kwani inaweza kushuka tena baada ya saa nyingi. Huko nako wanajua mtego wake: glukosi ya mshipani inayompandisha inaipa seli beta, ambayo mfereji wake umeshafungwa na dawa, sababu nyingine ya kumwaga insulini. Ndiyo maana daktari anaweza kuongeza oktriotaidi ya kuzuia insulini isitoke, badala ya kuendelea kumwaga glukosi peke yake.

Jambo la mwisho, ambalo muuguzi wa nchi yenye malaria asilisahau: kwinini nayo huuziba mfereji huo huo, kwa kushika Kir6.2. Atesuneti ndiyo inayotangulia siku hizi kwa malaria kali, lakini kwinini bado ipo kwenye kabati. Mgonjwa wa kwinini anayesinzia, hasa mjamzito au mtoto, mchome kidole upime sukari kabla hujasema malaria imepanda kichwani.